Ndoo ya Mkuu wa Kambi

Kwa furaha kubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yake, Mkuu wa Kambi ya Jeshi la Anga alitangaza vita rasmi dhidi ya kokoto.

Alivitangaza gwaridani, Jumatatu asubuhi, kipaza sauti kikikoroma. "Adui huyu hana sare," alisema. "Hana bendera. Hana mama. Anajilaza tu kwenye njia ya kurukia ndege, ametulia, anasubiri. Injini ikifyonza kokoto moja, ndege kwisha, rubani kwisha, na mimi nitaandika maelezo mpaka nistaafu. Nasema hapana. Kuanzia leo tuko katika Operesheni Ndoo Tele."

Msicheke kwanza. Hilo la injini ni kweli tupu. Injini ya ndege hufyonza chochote kilicho mbele yake, na kipande cha jiwe mle ndani ni balaa. Ndiyo maana kila alfajiri makuruta walijipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wakatembea njia nzima wameinama, wakiokota kila kisicho lami. Kazi hiyo ilikuwepo kabla ya Mkuu huyu na haikuwa na ubaya wowote. Yeye aliongeza busara yake tu: kila kuruta arudi na ndoo iliyojaa. Maana mtu akirudi na ndoo tupu, alieleza, utajuaje kama aliokota au alikuwa anapunga upepo? "Ndoo tupu ni uzembe. Ndoo iliyojaa ni uzalendo unaopimika."

Maafisa walipiga makofi. Hakuna aliyewahi kusikia uzalendo ukipimwa kwa ndoo, kwa hiyo walijua ni jambo la kisasa.

Katika safu ya nyuma, ndoo mkononi, alisimama binti mmoja ambaye kabla ya jua kuzama kambi nzima ingemwita Mshenga. Alikuwa amejiunga na Jeshi la Anga kwa sababu ya neno moja tu, anga. Tangu afike, anga lenyewe alikuwa ameliona kwa kuibia, maana kuruta akiinua kichwa anaulizwa anatafuta nini huko juu. Kazi yake yote ilikuwa chini: kufagia, kupiga deki, kung'arisha buti, kutandika kitanda mpaka shuka likaze kama ngoma, kisha kulala sakafuni ili shuka lisiharibike kabla ya ukaguzi. Ndege zilikuwepo, tusiseme uongo. Moja iliruka. Zile nyingine zilikuwa "zinasubiri vipuri" tangu makuruta wale hawajazaliwa, na njiwa walikuwa wameshazaa vitukuu ndani yake. Nazo zilipigiwa saluti kila mtu alipopita.

Jina la Mshenga lilikuja hivi. Siku ile ile ya tangazo, baada ya chakula cha mchana, alikwenda kwa Sajenti wa bweni, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni ambayo watu waliamini anaoga nayo, akakakamaa mlangoni.

"Afande, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwisho wa mwezi, Jumamosi, kuna harusi."

"Ya nani?"

"Ya mama, afande."

Sajenti aliweka kikombe chini. "Mama yupi?"

"Mama yangu mzazi."

"Mama yako mzazi anaolewa."

"Ndiyo, afande."

"Kuruta, mama haolewi. Mama ameshaolewa, ndiyo akawa mama."

"Baba alifariki, afande. Nilikuwa bado niko shule ya msingi."

"Pole sana." Sajenti alilisema kwa moyo wake wote, kisha akarudi kazini. "Sasa nisikilize. Ruhusa ya harusi ipo. Harusi yako mwenyewe, ipo. Ya kaka, ya dada, ipo. Kwa upande wa mzazi, iliyopo ni ya msiba. Mzazi wako angekufa ungeondoka leo hii, tena kwa gari la kambi."

"Hajafa, afande. Anaolewa."

"Ndilo tatizo."

 Mshenga hakuwa mtu wa kulialia, lakini jambo lile lilikuwa na uzito wake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka mingi, na bwana harusi alikuwa fundi wa mafriji. Alikuja siku moja kutengeneza friji. Friji ilipona, yeye hakupona. Akawa anapita kila wiki kuisikiliza kama inanguruma vizuri. Tatizo lilikuwa baba wadogo, ndugu za marehemu, waliosema kwamba mwanamke mwenye binti mkubwa hana haya kuolewa, na kwamba binti mwenyewe alikimbilia jeshini kwa aibu. Asipoonekana harusini, wangemnyooshea mama yake kidole mbele ya wageni: mnaona, hata mwanawe amemsusa.

Sajenti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alilipeleka suala hilo juu. Mkuu wa Kambi alilitafakari alasiri nzima, miguu juu ya meza, akatoa uamuzi wa kihistoria. Kuruta angepewa ruhusa maalumu, kwa sharti kwamba ndoo yake ijae kila asubuhi mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ndoo ikipungua hata mara moja, harusi ikafungwe bila yeye. Sahihi ingewekwa Ijumaa yenyewe, jioni.

"Mshukuru Mkuu," Sajenti alimwambia. "Umeingia kwenye historia ya jeshi. Mtu wa kwanza kumwozesha mama yake kwa ndoo."

Wakati wa chakula cha jioni tayari meza nzima ilikuwa inamwita Mshenga, na kijana mmoja alimwuliza kama posa imeshapokelewa au mama bado anafikiria.

Sasa, kokoto si mchicha. Ukiichuma haichipui tena. Siku za kwanza ndoo zilijaa, maana njia ilikuwa haijawahi kuokotwa kwa hofu kiasi kile. Baada ya wiki moja lami ilikuwa safi hata mtoto angeweza kutambaa juu yake na nguo nyeupe. Kwingineko watu wangeambiwa asante, nendeni mkapumzike. Pale kambini walioleta ndoo tupu walikimbizwa kuzunguka uwanja na magodoro kichwani kwa kosa la kutokukuta adui. Mshenga asubuhi hiyo alijaza yake kwa kubandua ukingo wa lami kwa kucha, na vidole vilitoka damu. Alijua hawezi kubandua ukingo mpaka mwisho wa mwezi.

Aliyemwokoa ni Kijiko. Huyu alikuwa kuruta mwembamba wa bweni la wavulana, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukamatwa bila kijiko mfukoni, chakula kikiwepo au kisiwepo.

"Mshenga," alimwambia wakiwa kwenye foleni ya kuchota maji, "hii vita tumeshashinda. Shida ni kwamba ndoo haijaambiwa."

"Nitafanyaje sasa? Nimebakiza kung'oa meno nitie humo."

"Kokoto ziko tele. Zimejaa nyuma ya klabu ya maafisa."

Na kweli zilikuwepo. Nyuma ya klabu ya maafisa Mkuu wa Kambi alikuwa anajenga bwawa la kuogelea. Kwenye kibao liliitwa Kituo cha Mafunzo ya Uokoaji Majini, ingawa kambi ilikuwa mbali na maji kiasi kwamba hata ya kuoga yaliletwa na gari. Shimo lilikuwa limeshachimbwa, na kando yake palikuwa na lundo la kokoto nzuri, zilizochaguliwa, za kumwagia zege.

"Na tukishazichukua tuzipeleke wapi?" Mshenga aliuliza. "Tukienda nazo kwenye ndoo moja kwa moja, watatuona."

"Tunazirudisha vitani. Jioni, kwenye mazoezi ya kukimbia, tunapita njiani tunazidondosha. Alfajiri tunaziokota mbele ya kila mtu. Hujaiba, hujadanganya. Umeokota kokoto kwenye njia ya ndege, kama ulivyoamriwa."

"Na ndege ikitaka kuruka?"

"Inaruka saa nne asubuhi, wakati tumeshamaliza. Usiku hapa hakuna kinachoruka isipokuwa mbu." Kijiko alitazama huku na huku, akamwinamia. "Ila sikiliza. Usitie mfukoni. Mfukoni zinagongana, zinakusema. Tia kwenye soksi. Soksi haina maneno."

Basi ikawa hivyo. Jioni makuruta walikimbia wakichechemea, na asubuhi walivuna walichopanda. Kila mtu kambini alijua isipokuwa wale ambao kazi yao ilikuwa kujua. Mshenga alijaza ndoo yake kila siku, na usiku alilala pale sakafuni akijiambia kwamba hamdhuru mtu. Mara nyingi aliyaamini maneno yake.

Mafanikio yalikuwa makubwa mno. Mkuu wa Kambi alibandika mchoro ofisini, mstari mwekundu ukipanda kuelekea dari, akawa anawaita wageni kuutazama. Aliripoti makao makuu kwamba adui anaongezeka kila siku, lakini nasi kila siku tunamkamata. Kokoto zilizokamatwa zilirundikwa kando ya njia, zikapakwa chokaa, zikaitwa Mlima wa Mateka. Ukipita hapo unapiga saluti.

Wakati huohuo fundi wa bwawa alikuja kulalamika kwamba lundo lake linapungua. Mkuu hakuwa mtu wa kubabaika. Alifikiri, akagundua kwamba wezi ni raia wa nje, akaweka walinzi kuzunguka eneo lile, akawaamuru watazame nje ya uzio usiku na mchana, wasigeuze shingo. Kisha akaagiza lori jingine la kokoto. Serikali ikawa inanunua kokoto ili makuruta wapate za kuokota, na hakuna aliyeona kasoro, kwa kuwa kila idara ilitimiza wajibu wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Wanaolisikia huvimba vifundo vya miguu, kwa sababu ya soksi.

Siku za kugawiwa simu zilikuwa Jumapili. Sajenti alizitoa kwenye gunia, akasimama karibu, filimbi mdomoni, mtu akizidisha maneno inalia.

"Mwanangu, unakuja?" mama yake aliuliza kabla hata ya salamu.

"Nakuja mama. Ndoo zinajaa."

"Ndoo za nini?"

"Basi tu mama. Ni mambo ya ulinzi wa taifa."

"Mimi sikuelewi. Nisikilize. Baba yako mdogo alikuja jana, akakaa hapa, akanywa chai yangu yote, ananiambia hata mwanao hajakubali. Nikamwambia mwanangu ndiye aliyeniambia nikubali. Hakuamini. Sasa mimi nimeapa, bila wewe sitoki chumbani. Wanisubiri mpaka wachakae."

"Usiape hivyo, mama."

"Nimeshaapa. Na fundi anakusalimu, anauliza kama huko jeshini mna friji."

Filimbi ililia. Mshenga alirudisha simu guniani, macho yamemjaa maji, akasingizia vumbi.

Wiki ya mwisho lilitoka tangazo kubwa kuliko yote. Jenerali mwenyewe angekuja Ijumaa kumvisha Mkuu wa Kambi nishani ya Operesheni Ndoo Tele. Ili aone ushindi kwa macho yake, siku hiyo kokoto zisingeokotwa alfajiri. Zingeokotwa saa nne kamili, mbele ya wageni, kwa midundo ya bendi, na kila ndoo ifurike.

"Ifurike," Sajenti alirudia bwenini, bila kumtazama mtu usoni. "Mmesikia wenyewe. Mtajua mtakavyojua."

Alhamisi jioni makuruta walijua walivyojua. Walikwenda bwawani na soksi, wakaenda tena, wakaenda na za kuazima. Njia ya ndege ikalala ya kijivu, imepandwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa turubai lilisimamishwa, zulia likatandikwa, mke wa Mkuu akakaa mstari wa mbele na kofia pana. Mkuu alivaa glavu nyeupe. Alikuwa ameagiza redio ya mnara wa kuongozea ndege iunganishwe na vipaza sauti, ili wageni waonje teknolojia. Jenerali alitarajiwa kuja kwa gari. Karibu na saa nne vipaza sauti vilikohoa.

"Mnara kwa Mkuu. Jenerali amebadili mpango. Amesema haiwezekani aende kwenye kambi ya anga kwa barabara. Yuko hewani, anakuja na ndege. Anakaribia."

Maafisa walipiga makofi. Bendi ikaanza. Mkuu alinyoosha koti, akasema, "Huyu ndiye Jenerali."

 Mshenga aliitazama njia, akamtazama Kijiko, na Kijiko alikuwa ametoa kijiko chake mfukoni anakitazama kana kwamba kingemshauri.  Mshenga akisema, ndoo yake haijai leo, ruhusa imekwenda, na kesho mama yake atajifungia chumbani huku baba mdogo akiwaonyesha wageni kiti kitupu. Asiposema, kuna mtu huko juu anashika usukani akiamini kwamba chini kuna lami. Rubani naye lazima alikuwa na mama, na huenda mama huyo naye alikuwa na mipango yake. Mshenga aliudhika sana kwamba katika kambi nzima yenye watu wenye nyota mabegani, jambo hili lilimwangukia yeye. Kisha akatoka mstarini.

"Afande," alimwambia Sajenti, "njia ina kokoto."

"Najua."

"Nyingi, afande. Tumezimwaga sisi."

"Najua, kuruta. Unafikiri nani aliyekuwa anasahau kufunga mlango wa nyuma wa klabu?" Sajenti alifuta jasho kwa kofia. "Na mimi nina ndoo yangu. Bweni likipungukiwa, godoro nabeba mimi. Twende."

Walimkuta Mkuu anafanya mazoezi ya kutabasamu. Sajenti alimweleza kwa ufupi, sauti ya chini.

"Haiwezekani," Mkuu alisema. "Takwimu zinaonyesha njia ni safi."

"Takwimu gani, afande?"

"Za kokoto zilizookotwa. Tumeokota kuliko kambi zote. Njia iliyookotwa kokoto nyingi hivyo, kokoto nyingine zitoke wapi?"

"Bwawani, afande," Mshenga alisema.

"Bwawa lipi?"

"Kituo cha Mafunzo ya Uokoaji Majini, afande."

Mkuu wa Kambi alifungua mdomo. Kabla hakijatoka kitu, vipaza sauti vilikohoa tena, na turubai zima likasikia.

"Mnara kwa Mkuu. Rubani anauliza kama njia ni safi, ashuke."

Wageni waligeuka kumtazama, wote, pamoja na ile kofia pana. Mkuu aliishika redio. Akisema kweli, nishani imekwenda. Akisema uongo, Jenerali amekwenda. Mtu mwingine angeona tofauti ya uzito kati ya mambo hayo mawili. Yeye alihitaji muda wa kutafakari. Mshenga aliuona mdomo wake ukianza kuliunda neno "safi", na hakusubiri liishe. Alichukua ndoo yake, akavuka zulia, akaenda moja kwa moja katikati ya njia ya ndege, akainama, akaanza kuokota.

"Mnara kwa Mkuu. Kuna mtu njiani. Ana ndoo."

Kijiko alimfuata, akichota kwa kijiko. Kisha mabweni yote, wasichana na wavulana.

"Mnara kwa Mkuu. Sasa ni wengi. Nimemwambia rubani azunguke kwanza. Anauliza huko chini kuna nini."

"Ni sehemu ya sherehe," Mkuu alisema.

"Anauliza sehemu hiyo inachukua muda gani. Anasema mafuta si mengi."

Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, yenye kutetemeka kidogo, ambayo kila mtu aliifahamu. "Mkuu, mimi ni Jenerali wako. Mnafanya nini?"

"Tunaokota kokoto, Jenerali."

"Okoteni haraka."

Hapo ndipo maafisa walipojua kukimbia. Waliacha viti, wakaacha fimbo zao, wakaanguka kwenye lami kwa magoti. Bendi ilitua ngoma ikaokota ndani ya ngoma. Mkuu wa Kambi, glavu nyeupe na nishani zote za zamani zikining'inia, alitambaa mbele ya wote akijaza kofia yake, huku ndege ikipita juu, ikirudi, ikipita tena. Mshenga alitoa ndoo yake kwa afisa mmoja aliyekuwa anajaza mikono, naye akaendelea kwa kutumia upindo wa shati. Hakuangalia nyuma mpaka mnara uliposema imetosha.

Ndege ilitua salama. Jenerali alishuka polepole, akaugusa ukingo wa ngazi kama mtu anayeushukuru, akawatazama maafisa wale waliochafuka magoti.  Mkuu alijua amekwisha.

"Nimetembelea kambi nyingi," Jenerali alisema hatimaye. "Kote nakuta maafisa wamekaa kivulini, makuruta juani. Leo kwa mara ya kwanza nimeona, kwa macho yangu, nikiwa juu, Mkuu wa Kambi amepiga magoti anaokota mwenyewe. Huu ndio uongozi."

Makofi. Nishani ikabandikwa. Mkuu alitabasamu vizuri, kumbe mazoezi husaidia.

"Na mfano mzuri usiachwe upotee," Jenerali aliendelea. "Natoa amri. Kuanzia kesho makuruta wasiokote tena, wafundishwe mambo ya anga. Wataokota maafisa, Mkuu wao akiwa mbele, kila alfajiri. Ndoo kwa ndoo, zijae, kama alivyoamuru yeye mwenyewe. Asiyejaza hatatoka getini, hata kwa likizo. Nitamwacha msaidizi wangu hapa asimamie."

Mke wa Mkuu, ambaye mabegi yake ya safari yao ya likizo, Jumatatu, yalikuwa yameshafungwa, aliacha kupiga makofi. Jenerali alikula, akapiga picha mbele ya Mlima wa Mateka, akaamuru ulindwe usiguswe kokoto hata moja. Kurudi, alipendelea gari.

Jioni Mshenga aliingia ofisini kwa Mkuu akiwa hana tumaini kubwa. Mchana kutwa njia ilikuwa imefagiwa kwa mifagio, kisha kwa vitambaa, na sasa ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu ijengwe. Mkuu alikuwa peke yake. Mbele yake, juu ya meza, palikuwa na ndoo mpya iliyoandikwa cheo chake kwa rangi nyeupe. Alikuwa anaichungulia ndani.

"Kuruta, leo ndoo yako haikujaa."

"Haikujaa, afande. Niliitoa."

"Sharti lilikuwa ijae."

"Ndiyo, afande."

Mkuu aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Alicheza na kalamu. Ilimchukua muda kupata sauti ya kuulizia, na alipoipata ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye majirani wagombezi.

"Hebu niambie. Kwa ajili ya kumbukumbu za kikazi tu. Nyinyi mlikuwa mnafanyaje?"

Mshenga aliitazama kalamu. "Mama anaolewa kesho, afande."

Mkuu alitia sahihi. Alitia pia muhuri, na kwa haraka aliyokuwa nayo aliupiga mara mbili.

"Soksi, afande," Mshenga alisema, akikunja ruhusa yake. "Ziwe ndefu. Mfukoni zinagongana, zinakusema. Na usijaze sana, utachechemea."

"Na walinzi?"

"Uliwaamuru watazame nje, afande. Ni watiifu."

Alipiga saluti, safari hii bila kinyongo, akachukua begi lake. Getini Sajenti alimkabidhi simu yake nje ya siku ya simu, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasimama pembeni bila kuweka filimbi mdomoni.

"Mama, nakuja. Toka chumbani."

"Nitatoka kesho, ukifika," mama yake alisema, na akaanza kulia, na Mshenga naye akalia, wala hakusingizia vumbi.

Barabara ya kwenda kituo cha basi ilipita kando ya uzio, nyuma ya klabu ya maafisa. Jua lilikuwa halijazama. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, ingawa hawakusema lolote kuhusu mabwawa ya kuogelea. Mshenga alipunguza mwendo. Ndani, juu ya lile lundo lililobaki, Mkuu wa Kambi alikuwa amekaa na nishani yake mpya kifuani, buti moja mkononi, soksi moja nusu imejaa, anachagua kokoto ndogo ndogo. Karibu naye alisimama mlinzi, bunduki begani, shingo imekaza, akitazama nje kama alivyoamriwa. Mshenga alipopita, mlinzi alimkonyeza jicho moja, kisha akaendelea kutoona kitu.